Simu ya Keza na Ahadi ya Mama Yake

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia redio inalia masikioni mwangu. Nilikuwa msichana wa sekondari. Tulikuwa tunaishi Ngara, upande wa Tanzania, kwa sababu huko ndiko wazazi wangu walikokimbilia kutoka Rwanda na huko ndiko nilikozaliwa. Wakati ule vijana tulikuwa na mchezo mmoja mkubwa, kutuma kadi za salamu redioni. Unaandika jina lako na kijiji chako, unataja marafiki unaowasalimu, unaweka na maneno mawili matatu ya kupendeza, halafu unakaa siku nyingi umetega sikio. Siku mtangazaji aliposoma jina langu, nilikimbia kuizunguka nyumba huku nikipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Usinicheke. Ninyi leo mnatazama simu kila mara kuona ni wangapi wamependa picha zenu. Sisi tulikuwa na kiu hiyohiyo, ila yetu ilisubiri zamu.

Haukupita muda, mwanamume mmoja nisiyemjua akaja mpaka kwenye geti la shule yetu, akauliza yuko wapi yule msichana wa redioni. Alilitaja jina langu lote, akakitaja na kijiji chetu. Jioni nikamwambia baba kila kitu. Baba yangu alikuwa mtu mwema, na nadhani aliogopa kuliko mimi, lakini woga wake ukatoka kama hasira. Akaifungia redio sandukuni, akasema hataki kusikia tena habari za salamu ndani ya nyumba ile. Kwake yeye mambo yakawa yamekwisha. Lakini yule mwanamume hakuwa ndani ya redio, mwanangu. Nilimkuta tena amesimama kwenye njia ya sokoni, na safari hii sikumwambia mtu. Ningemwambiaje baba? Niliposema mara ya kwanza niliikosa redio. Nikisema mara ya pili nitaikosa shule. Basi muhula mzima nikawa napita njia ya kuzunguka, katikati ya migomba, nimemshika mkono mdogo wangu Vestine ambaye alikuwa bado mtoto mdogo kabisa. Mungu alinilinda, yule mtu akahama. Katika nyumba yetu yote, aliyejua kwa nini tulikuwa tunazunguka ni Vestine peke yake.

Nimekuanzia mbali kwa sababu ninayetaka kukusimulia habari zake ni huyo huyo Vestine. Najua wewe una mtoto anayeomba simu, mume wako anasema hapana, nawe umekaa katikati hujui uegemee wapi. Basi tulia kidogo unisikilize.

Vestine leo ni mama wa watoto watatu, tulirudi Rwanda naye anakaa Kagarama, hapa Kigali, na mumewe Faustin ni dereva wa malori yanayokwenda Dar es Salaam. Binti yao mkubwa anaitwa Keza. Keza ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Si kile kidogo cha kukwama ukishtuka. Chake kinaweza kumshika kwenye jina lake mwenyewe mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Shuleni mwalimu akiuliza swali, mtoto anajua jibu lakini hanyooshi mkono. Dukani alikuwa anaonyesha kwa kidole. Akiongea, watu wote, mimi mwenyewe nikiwamo, tulikuwa na tabia ya kummalizia sentensi, tukidhani tunamsaidia.

Alipoingia miaka ya ujana akaanzisha blogu. Mimi sikujua blogu ni nini, nikaelezwa kwamba ni kama gazeti lako mwenyewe kwenye mtandao, unaandika unachotaka na dunia inasoma. Keza akawa anaandika habari za kigugumizi. Anaandika kwa Kinyarwanda na Kiingereza, na siku akitaka kunifurahisha mimi anaandika Kiswahili. Mwanangu, ukimsoma yule mtoto huwezi kuamini ni yule anayekwama dukani kwa jirani yao Mama Claudine. Maneno yanatiririka. Anachekesha. Aliandika siku moja jinsi alivyotumwa mkate akaishia kuomba "maandazi" kwa sababu neno mkate lilikuwa limemgomea, na nyumbani wakala maandazi bila kujua kisa. Nilicheka mpaka nikafuta machozi, halafu nikajiuliza ni mara ngapi mtoto huyu amekula kitu asichokitaka.

Watoto wenzake wakaanza kumwandikia. Wengine wa Kigali, wengine wa Bujumbura, mwingine hata Nairobi. Wote wana kigugumizi, na wote walikuwa wanadhani wako peke yao.

Sasa, kabla Vestine hajamruhusu kufungua hiyo blogu, kulikuwa na mvutano nyumbani. Faustin hakutaka. Alikuwa ameona mengi kwenye simu za madereva wenzake, na alisema mtandao ni barabara kuu, huwezi kumtuma mtoto avuke peke yake. Vestine hakumbishia. Alimwita Keza, akamwambia maneno haya, nami nilikuwepo:

"Nitakuruhusu. Watakuja watu wazuri, na siku moja atakuja mtu mbaya. Siku hiyo utaniambia. Na mimi nakuahidi kitu kimoja. Ukiniambia, sitakunyang'anya simu. Hata kama nimekasirika, hata kama kosa ni lako. Umesikia?"

Keza akaitikia kwa kichwa.

"Hapana, nataka nisikie. Chukua muda wako."

Mtoto akahangaika na neno, mama yake akasubiri bila kumwondolea macho, na mwishowe ndiyo yake ikatoka kwa Kinyarwanda: "Y-y-yego, mama."

Mimi niliona ni maneno tu, yale tunayowaambia watoto ili mambo yaende.

Huyo mtu mbaya alikuja kweli. Alijiita Kevin, akasema ni kijana wa rika la Keza, anakaa mtaa wa Gitega, hapa hapa Kigali, naye ana kigugumizi. Alijua kuandika vizuri. Alimwambia Keza kwamba blogu yake imemfanya aache kulia usiku. Mtoto gani hatafurahi kusikia hivyo? Wakaandikiana kwa muda. Kisha akaomba picha, akataka aliyovaa sare ya shule. Halafu akaomba wahamie mahali pengine pa kuandikiana, ambapo ujumbe unajifuta wenyewe. Na kila alipoomba jambo aliongeza kidogo: wazazi hawawaelewi watu kama sisi, hii ibaki kati yetu.

Keza alikuwa na mashaka, lakini hakuwa na uhakika. Kilichomfungua macho ni sauti. Kevin alimtumia ujumbe wa sauti, anakwama kwama, na Keza akausikiliza mara nyingi. Baadaye aliniambia jambo ambalo sitalisahau. Aliniambia, "Mama mkubwa, mtu mwenye kigugumizi cha kweli anapigana na neno. Yule alikuwa analichezea." Alikuwa anakwama kwenye kila neno kwa namna moja, kama mtu anayepiga ngoma. Hakuna anayekwama hivyo. Kuna maneno yanakuachia, kuna mengine yanakukaba, na wewe mwenyewe hujui lipi litakukaba leo. Na Kevin, baada ya sauti ile, alikuwa amemwomba wakutane Jumamosi mchana, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Aje peke yake, pesa ya pikipiki atalipiwa akifika.

Vestine alikuwa jikoni anamenya viazi. Keza akaja akasimama karibu na jiko, akafungua mdomo, na hapo hapo neno likamkaba. Alijaribu tena. Mama yake hakumwambia tulia, hakumwambia sema basi. Akangoja. Mtoto alipoona haiwezekani, akaifungua simu, akatafuta yale mazungumzo, akamnyooshea mama yake.

Vestine akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akasoma tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliniambia alichotaka ni kupiga kelele tu. Lakini neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili: "Asante kwa kuniambia, Keza." Ndipo mtoto akalia, akamkumbatia huku mikono ya mama bado ina wanga wa viazi.

Faustin alikuwa amerudi safari jana yake. Aliposikia, aliichukua ile simu akaiweka mezani mbele yake kama mtu aliyekamata nyoka, akanipigia mimi niende upesi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa upande wa mkewe. Nikafika nikamkuta amesimama.

"Dada, mimi nilisema tangu zamani," akaniambia. "Nilisema hii kitu italeta matatizo. Sasa iko hapa. Leo blogu inakufa, na simu haitarudi kwa huyu mtoto mpaka amalize shule."

Nami, mwanangu, sikufichi jambo, moyo wangu ulikuwa upande wa shemeji. Niliona amesema kama baba.

Keza alikuwa amekaa kwenye kona ya kochi, anamtazama mama yake. Hakuwa anamtazama baba, wala mimi. Alikuwa anangoja kuona kama yupo wa kuitimiza ile ahadi.

Vestine akasema polepole, "Baba Keza, mimi nilimwahidi mtoto."

"Ulimwahidi kabla ya jambo kama hili!"

"Nilimwahidi kwa ajili ya jambo kama hili."

Kisha akanigeukia mimi. "Dada, unaikumbuka redio ya baba?"

Sikuwa nimeisikia habari hiyo ikitajwa tangu utoto wetu. Nilidhani Vestine alikuwa mdogo mno kukumbuka. Kumbe yule mtoto niliyekuwa namburuta kwenye migomba alikuwa ameyaweka yote. Akamsimulia mumewe, mbele ya Keza. Akaeleza jinsi nilivyosema, na nikaipoteza redio kwa kusema. Akaeleza jinsi mtu yule alivyorudi nami nikanyamaza. "Nilikuwa namuuliza, dada, kwa nini tunapita huku kwenye tope? Ananiambia, nyamaza, usimwambie baba. Nilijifunza hapo kwamba baba ni mtu wa kufichwa. Sitaki Keza ajifunze hivyo kwako, Faustin. Huyu mtu tumemjua leo kwa sababu mtoto amesema. Tukimnyang'anya simu, wa pili atakuja kwa njia nyingine, na huyo hatutamjua."

Faustin akakaa. Ni mtu mkubwa wa mwili, na alivyokaa kochi lote lilizama. Akamtazama binti yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi naogopa tu, Keza. Nikiwa barabarani, ninyi mko mbali sana."

Simu ikarudi kwa mwenyewe. Lakini kabla ya hapo Vestine alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Hakufuta kitu. Hakumjibu yule mtu hata neno moja la matusi, ingawa Faustin alikuwa ameshaandaa matusi ya lugha nne. Alipiga picha kila ujumbe ulioonekana kwenye skrini, akaihifadhi ile sauti, na asubuhi yake wazazi wote wawili wakaongozana na mtoto mpaka polisi. Afisa aliyewapokea, mwanamke wa makamo, alimpa Keza kalamu na karatasi ili aandike badala ya kuhangaika kusema. Keza akaomba ruhusa aseme mwenyewe. Ikachukua muda mrefu. Yule afisa akaweka kalamu chini, akasikiliza.

Baadaye tuliambiwa kwamba huyo Kevin alikuwa mtu mzima mwenye familia yake, hakai Gitega wala hana kigugumizi, na kwamba amekamatwa. Keza hakuwa mtoto wa kwanza kuandikiwa naye. Kuna mzazi aliyekuwa ametangulia kulalamika, lakini mwanawe alikuwa amefuta kila kitu kwa kuogopa fimbo, na polisi hawakuwa na pa kuanzia. Yale aliyoyatunza Vestine ndiyo yaliyowapa pa kuanzia.

Usifikiri basi kwamba mambo yalirudi kama zamani. Vestine ana moyo mpana lakini si mjinga. Jumapili baada ya ibada walikaa mezani wote watatu wakazungumza, nami nilikuwepo nakunywa chai. Keza mwenyewe ndiye aliyesema ataondoa picha zote za sare, na jina lake kamili, na mahali popote palipotaja Kagarama. Mama yake akataka kusoma kila anachoandikiwa. Keza akakataa, akasema wale watoto wanamwambia siri zao, si za mama. Walivutana. Mwishowe wakakubaliana kwamba maoni hayatatokea kwenye blogu mpaka Keza ayapitishe, na kwa kipindi cha mwanzo watayapitisha wakiwa wamekaa pamoja. Akija mtu anayetaka kuhamisha mazungumzo faraghani, mama anaonyeshwa siku hiyohiyo. Usiku simu inalala sebuleni, na si ya Keza tu, za wazazi pia. Hilo la mwisho Faustin alilipinga kuliko yote, tukamcheka.

Halafu Vestine akamwambia mumewe, "Umewahi kuisoma hiyo blogu uliyotaka kuiua?" Alikuwa hajaisoma hata mara moja.

Akaisoma Rusumo, mpakani, akisubiri karatasi za lori. Alinisimulia mwenyewe. Alisema alianza kwa kupitisha muda, akaendelea mpaka wenzake wakampigia honi. Kuna mahali Keza ameandika: "Papa ananimalizia sentensi zangu kwa sababu ananipenda na hataki niteseke. Lakini mara nyingi anazimalizia vibaya, nami naishi na sentensi zake." Faustin akafunga simu, akawasha lori.

Jioni ya siku aliyorudi nyumbani, Keza alipoanza kueleza habari za shule na kukwama katikati, baba yake alishika kikombe kwa mikono miwili, akakaza midomo, akangoja. Unaweza kuona jinsi alivyokuwa anapigana. Neno likaja lenyewe. Tangu hapo sijamsikia akimmalizia tena, na mimi nami nimeacha.

Mwaka huu kuna mama mmoja wa Kabeza, mtaa mwingine wa Kigali, aliandika kwenye blogu. Hakumwandikia Keza. Aliomba azungumze na mzazi wake. Alisema ana kijana anaitwa Yvan mwenye kigugumizi, hana rafiki hata mmoja, na anasoma kila anachoandika Keza. Je, inawezekana wakaonana? Mimi nilisema, jamani, si juzi tu tumeponea chupuchupu? Vestine hakukimbilia kukataa wala kukubali. Alimpigia yule mama simu, wakazungumza wakionana sura. Akaenda kwanza yeye mwenyewe Kabeza, akaketi kwake, akamwona kijana kwa macho. Ndipo akawaalika.

Wakaja Jumapili, mama na mwanawe, nasi tuko sebuleni mlango wazi. Yvan ni kijana mrefu, anatazama viatu vyake. Keza akamsogelea, akanyoosha mkono amsalimie na kutaja jina lake, na jina likamgomea. Yvan naye akafungua mdomo kutaja lake, likamgomea. Wakasimama wameshikana mikono, kila mmoja anahangaika na jina lake, na sisi wakubwa tumekaa pale, Faustin amekaza midomo, mama wa Kabeza anatetemesha goti, na hakuna aliyewasaidia. Mara Keza akaanza kucheka. Yvan akainua uso, akamwona anacheka, naye akacheka. Walicheka mpaka wakakaa chini. Majina hayakutajwa siku ile nzima, wala hayakuhitajika. Wakaongea mpaka chai ikapoa, taratibu, kila mmoja akimngoja mwenzake, na mama yule wa Kabeza akajifunika uso kwa kitambaa kwa sababu, alituambia, hakuwahi kumsikia mwanawe akimaliza hadithi.

Nilimtazama Vestine, mdogo wangu, anazungusha sahani ya karanga kama vile hakuna kikubwa kilichotokea. Nimeishi miaka mingi na nimewaona watu wengi wa kuheshimiwa, mwanangu, lakini siku ile nilimheshimu yeye.

Basi nikuambie ninavyoona. Usimpe mtoto simu kisha ukageuka ukaenda zako, na usimnyime ukadhani umemlinda. Kaa naye. Soma anachoandika kabla hujakihukumu, maana unaweza kukuta humo mtoto ambaye hujawahi kukutana naye mezani kwako. Mweleze wazi kwamba wako watu wanaovaa sura ya rafiki, na mwenye haja ya siri kati yake na mtoto si rafiki. Mfundishe kuficha shule yake, nyumba yake na jina lake. Likitokea baya, msifute, msijibu, pelekeni kwa wanaohusika. Lakini kabla ya yote hayo, mwahidi kwamba kusema hakutamponza, na siku ya kutimiza ahadi hiyo ikija, nayo itakuja ukiwa na hasira na hofu, itimize. Mtoto atakupima siku hiyo moja tu. Ukishindwa hatakuambia tena, atatafuta njia ya kuzunguka. Na baba yake mshirikishe, usimshinde. Hasira yake ni woga, na woga ukisikilizwa unakaa chini.

Mungu akujalie masikio yasiyochoka na ulimi unaojua kungoja. Watoto wako wakue, waende mbali kuliko macho yako yanavyofika, na huko waliko, wakifikiwa na jambo zito, jina la kwanza kuwajia liwe lako. Imana ikurinde, Mungu akulinde, mwanangu, wewe na wote walalao chini ya paa lako.